Mgeni Njoo

Saa kumi alfajiri nakwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya maktaba. Kile kikwangulio chenyewe
Corbin alikipoteza mwaka ule
alipokuwa bado huru kupoteza vitu.

Milima mitatu ya Kentucky, kisha tambarare, kisha taa,
taa nyingi mno
kwa mahali ambapo hakuna anayetaka kutazama.

Foleni imeanza kabla ya jua.
Mbele yangu Twyla, na mtoto wa miezi minne
ambaye nepi yake itafunguliwa na mtu mwenye glavu.
Sheria ziko ukutani, zimefunikwa plastiki:
usivae kaki, hiyo ni yao,
usivae buluu iliyoiva, hiyo ni ya askari,
wala kinachobana, wala kinachoonyesha,
bega, goti, mgongo.
Nadhani wangependa tuingie tukiwa sauti tupu.

Nimebeba kinachoruhusiwa: kitambulisho, ufunguo mmoja,
na sarafu themanini za robo dola katika mfuko unaoonyesha,
zimelundikana kama dagaa wa kupimwa.

Mashine inalia.
Nyonga, nasema. Barua ya daktari ninayo,
imekunjwa na kukunjuliwa hadi imekuwa laini kama leso.
Askari Pruitt anaisoma
kana kwamba hakuisoma Jumamosi iliyopita.
Inalia tena. Si nyonga.
Ni waya wa sidiria.

Nina miaka sitini na tisa.
Narudi garini, najiinamia nyuma ya usukani,
nakata mshono kwa kikata kucha,
nauchomoa waya wa kushoto, kisha wa kulia,
nazilaza zote mbili juu ya dashibodi, miezi miwili michanga,
na nacheka peke yangu hadi kioo kinaingia ukungu.

Nikirudi, Twyla amenishikia nafasi.
"Huyu ni mama yangu," anamwambia Pruitt,
na hakuna mashine inayolia.

Kisha kitambaa cha kupangusa viganja, kutafuta unga.
Mwezi wa pili mafuta ya kujipaka yalinifelisha,
nikaendesha milima mitatu kurudi bila kumwona.
Tangu siku hiyo naosha mikono kwa sabuni ya vyombo, basi.
Imepasuka. Na iwe hivyo.
Baba yake aliingia mgodini miaka thelathini na mmoja
bila mtu kumpangusa chochote,
akatoka na mgodi mzima kifuani.

Meza namba tisa. Anaingia kwa mlango wa upande ule,
amekonda shingo. Namkumbatia kwa kipimo chao.
Namnunulia baga ya mashine, moto pembeni, baridi katikati,
na ili acheke namsimulia habari ya waya,
na kikata kucha, na sura ya Pruitt.
Anacheka. Jino lile la mbele bado limevunjika.
"Na ninyi je," nasema, bado nacheka,
"wanawapitisha vipi?"

Anaikunja karatasi ya baga. Anaikunja tena.
"Ukishaondoka, Mama, tunavua.
Vyote. Tunainama. Tunakohoa."
Kila mara?
"Kila mara unapokuja."

Miaka minne. Jumamosi mbili kila mwezi.
Nikaanza kuhesabu, nikaacha njiani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu husema,
nami nimekuwa nikija, nikija,
na keki za siku ya kuzaliwa ambazo siruhusiwi kuzileta
nikimweleza ladha yake.

"Basi nisije?"

Mtoto wa Twyla anapiga chafya meza ya pili.
Corbin anaitazama mashine ya vyakula muda mrefu,
kama mtu anayesoma barua.
"Jumamosi ile nyingine," anasema,
"lete sarafu mia. Baga zimepanda bei."